Embiid hahitaji pointi 70, anahitaji mechi 60

JUMATANO ya Oktoba 22, Philadelphia 76ers wanafungua msimu mpya wa NBA ugenini kwa Boston Celtics. Miaka mitatu nyuma, kabla ya mechi kama hii mashabiki wangekuwa wanabishana senta wao Joel Embiid atafunga pointi ngapi. Safari hii ubishi ni mwingine kabisa. Atacheza dakika ngapi? Na akicheza Jumatano, mechi inayofuata atakuwepo?

Ndiyo hali aliyofikia mwamba huyo wa futi saba, mzaliwa wa Yaoundé, Cameroon, ambaye sasa ana miaka 31. Msimu wa 2022-23 alibeba tuzo ya MVP, akiwa Mwafrika wa pili kuzaliwa barani humu na kuichukua baada ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliyeipata mwaka 1994. Kwa wapenzi wa kikapu Afrika ilikuwa sherehe. Hapa Bongo, ambako tunajivunia Hasheem Thabeet aliyechaguliwa namba mbili kwenye drafti ya mwaka 2009, kumuona Mwafrika akiwa juu ya kila mtu kwenye ligi ile halikuwa jambo dogo.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Ukitazama idadi ya mechi alizocheza utaona kila kitu. Msimu wa MVP alicheza mechi 66 na kufunga wastani wa pointi 33.1. Msimu wa 2023-24 akacheza 39, wastani ukapanda hadi 34.7. Msimu uliopita akacheza 19 tu, wastani ukaporomoka hadi 23.8. Maana yake ni kwamba katika mechi 164 za misimu miwili ya kawaida, Embiid amevaa jezi mara 58.

Sasa anarudi. Klabu inasema yuko vizuri, na kwenye mechi ya mwisho ya maandalizi dhidi ya Minnesota Timberwolves, Oktoba 17, alionekana uwanjani kwa dakika chache. Kabla ya hapo timu ilisafiri hadi Abu Dhabi kucheza mara mbili na New York Knicks, na mechi zote mbili yeye alizitazama akiwa pembeni. Kwa hiyo habari za yeye kupona zipo, ila zinasomwa kwa tahadhari.

ALIANZA KUUMIA KABLA HAJAANZA KUCHEZA

Wapo wanaodhani matatizo ya Embiid yalianza na goti. Hapana. Jamaa huyu aliingia NBA akiwa tayari majeruhi.

Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi, wakati wenzake wa Marekani wanakuwa wameshacheza karibu miaka kumi. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa voliboli na soka. Mwaka 2011 Mcameroon mwenzake Luc Mbah a Moute, ambaye wakati huo alikuwa akicheza NBA, alimuona kambini na kumfungulia njia ya kwenda shule Florida. Miaka mitatu baadaye, akiwa amecheza msimu mmoja tu wa chuo pale Kansas, alikuwa anatajwa kuwa namba moja wa drafti ya mwaka 2014.

Hakwenda namba moja. Mgongo ulimsumbua mwishoni mwa msimu wa chuo, kisha siku chache kabla ya drafti ukagundulika mvunjiko kwenye mfupa wa mguu wa kulia. Andrew Wiggins akachaguliwa wa kwanza, Jabari Parker wa pili, Embiid akaangukia namba tatu kwa Philadelphia.

Msimu wa kwanza hakucheza hata dakika moja. Oktoba mwaka huohuo mdogo wake, Arthur, akafariki kwa ajali ya gari kule Cameroon. Mwaka 2015 mguu ukafanyiwa upasuaji wa pili, na msimu wa pili nao ukapita bila yeye kugusa mpira. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Oktoba 2016, zaidi ya miaka miwili tangu achaguliwe. Msimu huo akacheza mechi 31, goti la kushoto likamtoa.

Tangu hapo ni orodha ndefu. Mwaka 2018 alivunjika mfupa wa kuzunguka jicho baada ya kugongana na mchezaji mwenzake Markelle Fultz. Mwaka 2021 gegedu ya goti la kulia ilichanika kwenye mtoano. Mwaka 2022 jicho tena, na kidole gumba juu yake. Mwaka 2024 goti la kushoto, halafu uso ukapooza upande mmoja katikati ya mtoano.

Ukijumlisha misimu yote 11 tangu achaguliwe, amecheza mechi 452 za msimu wa kawaida. Timu yake kwa kipindi hicho imecheza 883. Yaani gharama, matarajio na lawama zote za Philadelphia zimejengwa juu ya mtu aliyepatikana zaidi kidogo ya nusu ya muda.

GOTI LENYEWE LINA NINI?

Ndani ya kila goti kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zinakaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko. Fundi wa gereji angeziita shokapu. Kazi yake ni kupokea uzito na mtikisiko kila unapokanyaga, kuruka na kutua. Zikichanika, daktari ana njia mbili kubwa: kushona, ambako kunahitaji miezi mingi ya kukaa nje, au kukata kipande kilichoharibika, ambako mchezaji anarudi mapema lakini anabaki na shokapu pungufu.

Tatizo la gegedu ni kwamba sehemu yake kubwa haipati damu ya kutosha, hivyo haiponi yenyewe kama jeraha la ngozi. Goti likishaguswa mara mbili tatu, linaanza kuvimba kila linapopewa kazi kubwa. Leo mchezaji yuko vizuri, kesho asubuhi goti limejaa maji. Hapo ndipo mashabiki wanapochanganyikiwa, kwa sababu jana yake walimuona anaruka.

Sasa mpe goti hilo mwili wa zaidi ya kilo 120, halafu mpe mtindo wa kucheza wa Embiid. Senta wengi wanasimama chini ya kikapu wakisubiri ribaundi. Embiid anapokea mpira mbali, anageuka, anadanganya kama winga, anasimama ghafla na kupiga. Anaingia kifua kwa kifua na mabeki ili apate mitupo ya adhabu. Anaanguka sana. Uzuri wake wote unapita kwenye magoti hayohayo.

Ndiyo maana anaporudi, swali kubwa ni kama goti litakubali aina ya mchezo uliompa MVP, au itabidi abadilike. Kupona peke yake hakutoshi kulijibu.

SIKU NANE ZILIZOBADILISHA KILA KITU

Januari 22, 2024, Embiid aliwafunga San Antonio Spurs pointi 70. Hakuna mchezaji wa Philadelphia aliyewahi kufunga idadi hiyo kwenye mechi moja, hata Wilt Chamberlain alipokuwa na jezi hiyo hakuifikia. Wakati huo alikuwa anaelekea kwenye MVP ya pili mfululizo bila ubishi mkubwa.

Januari 27 timu ilikuwa Denver, ambako ilipangwa akutane na Nikola Jokic, mpinzani wake mkubwa wa tuzo hiyo. Dakika za mwisho akaondolewa kikosini kwa sababu ya goti. Moto ukawaka. Mashabiki wa Denver wakazomea, wachambuzi wakasema anamkimbia Jokic, mitandaoni akageuzwa kichekesho.

Januari 30 akacheza dhidi ya Golden State Warriors. Waliotazama mechi ile waliona mapema kabisa kuwa hayuko sawa, alikuwa anachechemea na kuburuza mguu. Robo ya nne, akiwa chini akigombea mpira, Jonathan Kuminga, kijana mzaliwa wa Goma kule Congo, akamwangukia kwenye goti la kushoto. Haikuwa makusudi. Ila Embiid hakuamka kama alivyolala. Siku chache baadaye alikuwa chumba cha upasuaji.

Kutoka pointi 70 hadi kulala sakafuni akiwa ameshika goti ni siku nane tu.

Kwa nini alicheza siku ile? Jibu la kwanza ni kelele za Denver. La pili ni kanuni. Kuanzia msimu huo wa 2023-24, NBA iliweka sharti kwamba mchezaji hawezi kushindania tuzo kubwa, ikiwamo MVP, kama hajacheza angalau mechi 65 kati ya 82. Embiid alikuwa ameshakosa nyingi, na nafasi zake za kukosa zaidi zilikuwa zimebaki chache. Kila mechi aliyopumzika ilikuwa inakula tuzo yake.

Kanuni hiyo ililetwa kwa nia njema. Watu wananunua tiketi kwa bei mbaya kumuona staa, halafu staa anakaa benchi amevaa suti. Televisheni zinalipa mabilioni kwa ajili ya mechi hizo. Ligi ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kanuni haimuulizi mchezaji goti lina hali gani. Inahesabu tu. Kwa mtu mwenye mwili kama wa Embiid, ikageuka kiboko cha kumrudisha uwanjani kabla ya wakati.

ALIPUMZIKA LINI?

Hapa ndipo lawama zinapoanza kugawanyika, kwa sababu Embiid mwenyewe na klabu yake nao wana sehemu yao.

Alirudi Aprili 2024, hata miezi miwili haijatimia baada ya upasuaji, ili awahi mtoano. Alipambana kweli. Mechi ya tatu dhidi ya Knicks akafunga 50 huku upande mmoja wa uso ukiwa umepooza, jicho halifungi vizuri. Philadelphia wakatolewa kwa michezo sita. Goti halikuwahi kupata mapumziko ya maana.

Badala ya kukaa nyumbani kiangazi hicho, akaenda Olimpiki ya Paris na Marekani, timu aliyoichagua na kuiacha Ufaransa ambayo nayo ilimpa uraia. Wafaransa wakamzomea kila alipogusa mpira. Nusu fainali dhidi ya Serbia ya Jokic, Marekani walikuwa wanakufa, na pointi zake 19 zikasaidia kuwapindua 95-91. Akarudi na dhahabu.

Ni vigumu kumwambia mchezaji aache dhahabu ya Olimpiki. Hakuna Mtanzania atakayemlaumu mtu kwa kucheza Olimpiki. Lakini goti halijui tofauti ya Paris na Philadelphia. Ilipofika Oktoba hakuwa tayari kwa msimu, klabu ikatoa maelezo yasiyoeleweka kuhusu afya yake, na ligi ikaipiga faini ya dola 100,000. Mechi yake ya kwanza akaicheza Novemba 12. Desemba akavunjika tena mfupa wa usoni. Februari 28 klabu ikatangaza kuwa msimu wake umeisha, na Aprili mwaka huu akafanyiwa upasuaji mwingine wa goti lilelile la kushoto.

Ukiufuata mlolongo huo, tangu Kuminga amwangukie hadi upasuaji wa Aprili 2025, hakuna kipindi kirefu ambacho goti liliachwa lipone bila tarehe ya mechi kusubiri mbele yake. Kiangazi cha mwaka huu ndicho cha kwanza kupata bila mtoano wala Olimpiki, na hilo ndilo jambo la kutia moyo kuliko video yoyote ya mazoezi.

MKWANJA NAO UNAZUNGUMZA

Septemba 2024, baada ya msimu wa mechi 39, Philadelphia walimwongezea Embiid mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 193, unaompeleka hadi mwaka 2029. Msimu huu pekee anachukua zaidi ya dola milioni 55, ambazo ni zaidi ya Sh130 bilioni.

Kiangazi hichohicho wakamsajili Paul George kwa dola milioni 212 za miaka minne. George akacheza mechi 41, na Julai mwaka huu naye akafanyiwa upasuaji wa goti. Timu iliyotajwa kugombea ubingwa ikamaliza na ushindi 24 na vipigo 58.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ni muhimu kuelewa tofauti moja. Ulaya au hapa kwetu, klabu yenye hela ikiona staa wake ameumia inakwenda sokoni Januari inaleta mwingine. NBA ina kikomo cha mishahara. Ukishaweka zaidi ya dola milioni 100 kwa watu wawili ambao magoti yao yamepasuliwa mwaka huohuo, hela ya kuleta mbadala haipo. Na kumuuza Embiid leo ni shughuli, kwa sababu anayemtaka lazima akubali kubeba mshahara wote pamoja na hatari yote.

Ndiyo maana Rais wa timu, Daryl Morey, na kocha Nick Nurse hawana ujanja. Wanaomba goti likubali.

KITU PEKEE KILICHOBADILIKA

Msimu mbovu uliwaachia Philadelphia zawadi moja. Kwa kupoteza mechi nyingi walipata chaguo la tatu la drafti ya Juni na kumchukua VJ Edgecombe, kijana kutoka Bahamas mwenye miguu mepesi. Chaguo hilo lingekwenda Oklahoma City Thunder kama lingetoka nje ya sita bora. Wakanusurika.

Edgecombe anaungana na Tyrese Maxey, ambaye sasa hivi ndiye mtu anayeiendesha timu. Maxey ni mwepesi, anafunga, na mashabiki wanampenda. Kwa mara ya kwanza tangu Embiid aanze kucheza, Philadelphia wana uwezo wa kucheza kikapu cha maana bila mpira kupita kwake kila mara. Nyuma yake yupo mkongwe Andre Drummond na kijana Adem Bona wa kuziba nafasi ya senta.

Zamani Embiid akikosekana timu ilikuwa inazimika. Msimu wa 2023-24 alipocheza walishinda 31 na kupoteza nane. Asipocheza walishinda 16 na kupoteza 27. Yaani akiwepo ni timu ya ubingwa, asipokuwepo ni timu ya kawaida kabisa. Pengo hilo ndilo lililomfanya kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, aone dhambi kupumzika.

Kuna jambo jingine. Ukanda wa Mashariki umefunguka. Jayson Tatum wa Boston alipasuka kano ya kisigino Mei, Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers naye akaipasua kwenye mchezo wa saba wa fainali mwezi Juni. Timu mbili kubwa za ukanda zinaanza msimu bila mastaa wao. Philadelphia hawajafika fainali ya ukanda tangu mwaka 2001 enzi za Allen Iverson, na hawajabeba ubingwa tangu 1983. Mlango haujawahi kuwa wazi hivi kwa miaka ya karibuni.

WALIOPITA NJIA HIYO

Historia haimpi Embiid jibu moja.

Derrick Rose alikuwa MVP mwaka 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Aprili 2012 goti likakatika. Alirudi, na mwaka 2018 akafunga pointi 50 akiwa na Minnesota huku akitokwa machozi, lakini yule Rose wa mwanzo hakuonekana tena. Alistaafu mwaka jana.

Bill Walton aliipa Portland ubingwa mwaka 1977 na akawa MVP msimu uliofuata. Miguu ikavunjika, akapoteza misimu mizima. Kilichomrudisha ni kukubali kazi ndogo. Msimu wa 1985-86, akiwa Boston, alicheza mechi 80 akitokea benchi, akachukua ubingwa wa pili. Hakuwa nyota wa timu ile. Larry Bird ndiye alikuwa nyota.

Grant Hill ndiye mfano mzuri zaidi. Alikwenda Orlando mwaka 2000 kwa mkataba mnono na kifundo kibovu. Misimu mitatu ya kwanza alicheza mechi 47 kwa jumla, wa nne hakucheza kabisa. Watu wakamzika. Lakini alibadilisha mchezo wake, akaacha kuruka juu ya watu, akawa mlinzi na mtoa pasi. Msimu wa 2008-09 akiwa Phoenix alicheza mechi zote 82, akiwa na miaka 36. Alistaafu akiwa na miaka 40.

Wapenzi wa soka wana mfano wao pia. Ronaldo wa Brazil aliumia goti Novemba 1999 akiwa Inter Milan, akarudi Aprili 2000 na goti likachanika tena baada ya dakika chache tu uwanjani. Safari ya pili hawakuharakisha. Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao manane na kubeba kombe. Hakuwa na zile mbio za miaka ya tisini, lakini alikuwa na akili ya kumaliza.

Walton, Hill na Ronaldo wanafanana kwenye jambo moja: walirudi kama watu wengine, si kama walivyokuwa. Waliotaka kurudi walivyokuwa ndio wengi walioumia tena.

HESABU YA MECHI 60

Kwa hiyo kurudi kwa Embiid kupimwe vipi? Si kwa MVP. Tuzo hiyo, na mechi 65 zake, aisahau kabisa msimu huu. Akianza kuzihesabu Januari, tutarudi kulekule Golden State.

Kipimo cha haki ni mechi 55 hadi 60, dakika zisizozidi 30, bila kucheza siku mbili mfululizo, na kufika Aprili akiwa anatembea vizuri. Pointi 22 au 24 zinatosha kama Maxey anafunga zake na Edgecombe anakimbia. Mpinzani akiweka watu wawili kwa Embiid, wenzake wanapata nafasi hata kama yeye hajaruka. Ana mikono laini na jicho la pasi, vitu ambavyo havihitaji goti la kijana wa miaka 25.

Kazi ngumu ni kwa Nurse. Itafika mechi ya Desemba, timu iko nyuma kwa pointi tano, Embiid ameshafikisha dakika zake na uwanja mzima unaimba jina lake. Kocha akimrudisha, anaweza kushinda mechi hiyo na kupoteza Aprili. Kocha asipomrudisha, asubuhi atachambuliwa. Msimu wa Philadelphia utaamuliwa na usiku wa namna hiyo kuliko mechi na Boston.

Na kazi nyingine ni ya mashabiki, ambayo inahusu hata huku kwetu. Mara ngapi mchezaji wa timu kubwa za Kariakoo amekosa mechi mbili, mitaani ikaanza kusemwa anadeka, anagoma, ameuza mechi? Mara ngapi amechomwa sindano akacheza dabi, halafu akakaa nje miezi sita na hakuna aliyekumbuka nani alimpigia kelele? Denver walimzomea mtu ambaye hakucheza, na siku tatu baadaye akacheza ili awanyamazishe. Goti likalipa.

Embiid ana mambo yake ya kulaumiwa. Mwili wake haukuwa katika hali nzuri kila msimu, na mara nyingi maneno yake yametangulia matendo. Katika miaka yake yote hajawahi kuvuka raundi ya pili ya mtoano, na siku nyingine alikuwa mzima na bado akashindwa. Hilo lisifichwe na majeraha.

Lakini hakuna anayeweza kusema hakujaribu kucheza. Amecheza na barakoa usoni, na uso uliopooza, na kidole kilichochanika, na goti linalochechemea. Kwa bahati mbaya kujaribu kwingi ndiko kulikomfikisha hapa. Jumatano pale Boston akitoka baada ya dakika 20 huku mechi ikiwa bado ngumu, atakayemzomea akumbuke kwamba hiyo huenda ndiyo mara ya kwanza mtu ameamua kumtunza.